Kijana wangu wa Gredi 10 analia kila Jumapili, nimtoe bodingi?

SWALI: Mwalimu habari yako. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Nyalenda, Kisumu. Kifungua mimba wangu aliingia Gredi 10 mwezi wa kwanza huu wa 2026, bodingi huko upande wa Kakamega, na hajawahi kulala nje ya kwetu. JSS (junia sekondari, Gredi 7 hadi 9) alikuwa anatembea dakika kumi tu yuko klasi, na KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi 9, alipata EE, ile alama ya juu kabisa, karibu kila somo. Sasa kila Jumapili anaomba simu ananipigia akilia nimtafutie shule ya dei, juzi kwa CAT (mtihani mdogo wa katikati ya muhula) ya hesabu amepata 31 na anasema yeye hajawahi kufeli. Babake anasema mwanaume halii, atazoea. Nifanyeje? – Mama Kijana

JIBU: Mama Kijana pole sana. Mwambie mzee wa nyumba kwamba wanaume wanalia, mimi nimefundisha bodingi miaka mingi na hao wenye hawalii ndio walikuwa wananipea presha zaidi, juu hujui kinachoendelea ndani.

Usimtoe saa hii. Lakini kwanza uliza kama kuna mtu anampiga, anamnyang'anya shopingi ama anamfulisha nguo zake usiku. Kama jibu ni ndio, usingoje visiting dei, panda matatu kesho asubuhi uone prinsipo, sheria ya elimu ya 2013 inakataza mtoto kupigwa ama kudhulumiwa shuleni na hiyo si mambo ya kubembelezana. Nauliza hivi juu hawa watoto wameingia mahali pagumu kidogo: fomu wani wa mwisho wa ule mtaala wa zamani wa 8-4-4 waliingia 2024, kwa hivo shule ilikaa mwaka mzima bila mono, yaani mwanafunzi mgeni, na wenye wako juu yao saa hii ni fomu thrii na fomu foo, watu wakubwa. Hakuna gredi 11 wa kumwambia "mimi pia mwaka jana nililia hapa kwa hii kona, maji ya kuoga unachota saa hii, na githeri ya Jumatano usikule."

Kama hapigwi, basi kitu kinamsumbua ni kwamba hana mtu. Nimeona mtoto wa alama ndogo akishika shule haraka sababu wiki ya pili alijiunga na skauti, na mtoto wa alama za juu akikauka kama omena sababu alikuwa anakula peke yake. Jumapili akipiga usianze na masomo, muulize leo umekula na nani, halafu muulize ni mwalimu gani anakujua kwa jina. Akikosa jibu, wewe mwenyewe ongea na mwalimu wa darasa, mwambie tu huyu ni kijana wangu, ni mara yake ya kwanza kutoka nyumbani, anapenda mpira ama kuimba ama chochote anapenda. Walimu wengi watamwangalia tofauti baada ya hapo, si wote lakini wengi.

Hiyo 31 isikutishe. Huko JSS alikuwa kuku mwenye kilemba, saa hii amekaa na vijana wengine wenye EE zao, na masomo yametoka 9 yakawa 7 lakini yamekuwa mazito. Tena kwa prepu, ile saa ya kujisomea jioni, hakuna mtu anakusimamia akuambie fungua ukurasa huu, hiyo anajifunza polepole. Kama ni pathwei, ule mkondo wa masomo alichagua, ndio imemlemea, aseme na mwalimu mapema, asingoje mwisho wa mwaka.

Na anajua kufua? Nauliza tu, wamama tunawafulia hawa vijana mpaka ndevu zinatoka.

Visiting ikifika enda na chapati na samaki, na babake aende pia. Kama ikifika midtamu bado hajataja jina hata la rafiki mmoja, niandikie tena tuongee mambo ya dei.