Jibu: Nyumba ya kujipikia karibu na ufuo, niulize nini kabla ya kulipia?

Ndugu, umetaka kujua cha kumuuliza mwenye nyumba kabla hujalipia hiyo nyumba ya kujipikia karibu na ufuo. Mimi ningeanza na jiko. Picha za matangazo hujaa kitanda na bahari, jiko huonekana kwa mbali tu. Mwombe akupigie picha ya droo ikiwa wazi: kisu kina makali? Sufuria kubwa ipo, na mfuniko wake? Gesi ikiisha usiku, ni juu ya nani? Hewa ya chumvi hula vyuma upesi, kwa hiyo ulizia hasa friji na vitasa vya milango.

Halafu bahari yenyewe, na hapa wengi hawaulizi kabisa. Saa ya maji kujaa husogea kwa kama dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda zaidi na kupwa mbali zaidi. Muulize mchanga unaobaki maji yakijaa ni kiasi gani. Kama una watoto, ulizia na mikondo, maana ufuo mtulivu mara nyingi hauna mwokoaji. Mashuka na taulo atakutajia mwenyewe.