Ripoti ya bure ya mikopo Marekani: usitoe namba ya kadi

Ndugu uliyeuliza kama ni lazima uweke kadi ya benki ndipo uione ripoti yako ya mikopo huko Marekani, yaani kumbukumbu ya madeni yako na jinsi unavyoyalipa: hapana. Ukiombwa kadi, toka haraka. Ingia AnnualCreditReport.com, na uandike jina lote bila kukosea maana zipo tovuti zinazojifananisha nayo. Hapo unapata ripoti za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza kumbukumbu hizo, hata kila wiki ukitaka, bila kulipa senti. Utatakiwa kuweka SSN (namba yako ya hifadhi ya jamii ya Marekani), kisha maswali ya kukuhakiki, mfano mkopo wa gari ulichukua wapi. Ukikwama piga 1-877-322-8228. Tena ukinyimwa mkopo kwa sababu ya ripoti, una siku 60 za kudai nakala ya bure kwa kampuni iliyoitoa. Alama za mkopo (credit score, namba inayoonyesha unavyoaminika kukopeshwa) hutazikuta humo, hizo huombwa kwingine.