Tin Machine ya Bowie haikupondwa na wote

Mkuu umeuliza kwa nini wakosoaji waliiponda albamu ya Tin Machine, ile bendi ya roki ya mwanamuziki Mwingereza David Bowie. Si wote walioponda, ilivyotoka 1989 wapo walioisifu na kwenye chati ya albamu ya Uingereza ilifika namba 3, ila watu walishamzoea Bowie wa kuchezeka disko, sasa ghafla wanakutana na gita la Reeves Gabrels linakwaruza mwanzo mwisho na nyimbo nyingi zimerekodiwa laivu bila kusafishwasafishwa. Mi naipenda sana aisee! Jana usiku hapa Mwanga, Kigoma, nimeweka hedifoni, dramu za Hunt Sales unasikia kabisa fimbo inavyotua kwenye ngozi. Baadaye wakosoaji kadhaa wameirudia, wanasema iliwahi kabla granji, ile roki ya gita zito la kukwaruza, haijavuma. Anza na wimbo wa Heaven's in Here, ndo unaofungua albamu, weka sauti juu.