Baiskeli ya resi kutoka Mwanza kufuata ziwa: Usagara–Kisesa, daraja la Kigongo, na Lamadi hadi geti la Ndabaka

Mkuu, umeuliza mambo matatu: njia gani ya lami inafaa kwa baiskeli ya resi kutoka Mwanza mjini ukifuata ziwa, kama mtu anaweza kufika geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti kwa siku moja, na kama tairi za upana wa milimita 25 zitahimili. Naanza na la Ndabaka maana ndilo linalowatoa watu jasho la bure. Kufika unafika, ni kama kilomita 140. Kwenda na kugeuza siku hiyohiyo sahau. Hata ukilala Lamadi, mji mdogo kabla ya geti, ukaanza kurudi saa nne asubuhi, umejitafutia mwenyewe. Shida yenyewe ni upepo.

Kiangazi, Juni hadi Septemba, asubuhi upepo unatoka kusini-mashariki, nchi kavu kwenda ziwani, na kwa kawaida ni mpole. Ardhi ikishapata moto, kuanzia saa tano au sita, unageuka na kuvuma kutoka ziwani kuja bara. Saa nane hadi saa kumi na moja jioni ndio makali yake. Barabara ya Musoma, ndiyo ya Lamadi na Ndabaka, inaelekea mashariki kisha kaskazini-mashariki, Ghuba ya Speke ikiwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo ukitoka Mwanza alfajiri unaupata kwa mbele kulia ukiwa bado na nguvu, na mchana unakuja ubavuni kushoto na mgongoni kidogo. Geuza Lamadi saa nane mchana uone: kilomita 120 upepo unakupiga usoni, na mtu wa kilomita 27 kwa saa anajikuta kwenye 19. Kurudi kwa baiskeli ni siku nyingine, unaanza saa 12 asubuhi na kujitahidi uwe umepita Magu kabla ya saa tano. Vinginevyo panda basi.

Kabla ya huko, jipime kwa mzunguko wa Usagara–Kisesa, kama kilomita 55: mjini, Mkuyuni, Nyegezi, Buhongwa, Usagara, unakata kushoto barabara ya mchepuko hadi Kisesa, halafu Igoma, Buzuruga, mjini. Uende upande huo, usiugeuze. Barabara ya Kenyatta, ya kutoka mjini kupitia Mkuyuni, ni nyembamba na daladala wake hawana subira, kwa hiyo uimalize mapema kabla mji haujaamka. Kipande cha Usagara–Kisesa ndicho kizuri kuliko vyote kwa mazoezi: vilima vya kupanda na kushuka, mashamba, magari machache. Ukifika Kisesa na miguu bado inadai, Makumbusho ya Wasukuma Bujora hayako mbali na lami, ila njia ya kupanda kule ina vumbi na mawe. Shuka ukokote.

Njia ya pili ni daraja la Kigongo–Busisi, yaani Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025. Toka mjini hadi Kigongo ni kama kilomita 30 kupitia Usagara. Zamani safari ya huku ilikuwa inakatwa na foleni ya kivuko, sasa unavuka kilomita 3 za daraja bila kushusha mguu. Mambo mawili ya kuangalia. Ghuba ya Mwanza imelala kaskazini–kusini na daraja linaikata, kwa hiyo upepo wa ziwani unakupiga ubavuni moja kwa moja. Rimu zenye kina kirefu hapo ni balaa, hasa lori likikupita na kukukinga kisha kukuachia ghafla. Shika usukani chini, viwiko vilegee. La pili ni maungio ya daraja: yapite kwa kunyooka, usiyakate kwa mshazari, tairi nyembamba inaweza kudakwa. Kuna wanaozunguka kwa Sengerema na kurudi mjini kwa kivuko cha Kamanga. Safari nzuri, lakini hiyo ni ya tairi za 35 kwenda juu, si resi.

Sasa barabara ya Lamadi. Igoma, Kisesa, Nyanguge, Magu, Nyashimo, Lamadi. Milima mikali hakuna, kuna miinuko mirefu ya taratibu inayokula miguu bila wewe kujua. Kinachoumiza ni matuta na rasta, vile vijituta vidogo vilivyopangana. Kila kijiji kina rasta kabla ya tuta, na rasta kwa tairi yenye upepo mwingi zinalegeza boliti za kishikio cha chupa na kukuangushia maji. Inuka kwenye kiti, legeza mikono, acha baiskeli icheze chini yako. Tuta lenyewe angalia pembeni kabisa, mara nyingi kuna upenyo wa sentimita thelathini walioutengeneza waendesha baiskeli, ila ndimo mchanga unamojaa.

Pembeni ya lami usipaamini sana. Kuna mahali ukingo umekatika na kuacha ngazi ya kina cha kiganja. Ukishukia humo kwa kumkwepa basi, usijaribu kurudi juu kwa mshazari. Simama, panda upya. Bodaboda wanakuja upande wako wakikutazama usoni. Msimu wa pamba malori yanajaza marobota hadi yanazidi upana wa bodi, kwa hiyo nafasi anayokuachia dereva kwa macho yake si nafasi uliyo nayo. Siku za mnada ng'ombe wanatawala barabara: punguza mwendo, mpigie mchungaji salamu, apite kwanza. Ukimtisha ndama kwa kengele anakimbilia kwako.

Tairi: 25 zinafika, 28 ni sahihi, 32 ndizo ningemwekea mtu yeyote kama fremu inaruhusu. Lami ya kokoto inachosha mikono. Kwa mtu wa kilo 70 hadi 75, 28 zijaze psi 75 mbele na 80 nyuma. Za 32 zijaze psi 55 hadi 60. Wengi wanajaza 110 wakidhani ndiyo kasi, matokeo yake tairi inarukaruka na mkono unakufa ganzi. Ukishuka chini sana nako, ukigonga ukingo wa shimo tyubu inabanwa kwenye rimu na kutoboka matundu mawili yaliyopangana. Ukiona matundu pacha, usilaumu mwiba, ongeza upepo.

Pancha za barabara hii zinasababishwa zaidi na vijiwaya vya tairi za malori zilizopasuka kuliko miiba. Ni vyembamba kama unywele na vinabaki ndani ya tairi. Ndiyo maana unabadilisha tyubu na baada ya kilomita mbili imeisha tena. Pitisha kipande cha kitambaa ndani ya tairi lote. Kitakaponasa ndipo waya ulipo. Uvute kwa koleo dogo au kibanio cha nyusi.

Mafundi wapo karibu kila senta na wanajua kazi, lakini vifaa vyao ni vya baiskeli za inchi 28. Tyubu ya 700 yenye valvu nyembamba ndefu hutaipata Magu. Beba tyubu mbili, viraka, solushen, kichwa cha kubadili valvu ili pampu ya fundi ikubali, na spoku mbili za saizi yako umezifunga kwenye fremu kwa tepu. Zao nyingi ni nene. Ukibandika kiraka, kwaruza kwa msasa, paka solushen, subiri dakika tano hadi ikauke isinate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza. Ikibandikwa mbichi inashika kwa muda, jua la saa saba linakuja kuibandua.

Maji: nusu lita hadi robo tatu kwa saa, na chumvi kidogo au chapati na ndizi njiani. Chupa za dukani zipo kila senta hadi Lamadi. Ziwani usiingie, hata kuosha miguu au baiskeli mwaloni. Kichocho kinapenya ngozi kwa dakika chache tu. Ndege unawaona ukiwa nchi kavu: furukombe juu ya miti, mnandi, mwari, korongo kwenye mafunjo.

Toka Lamadi kwenda Ndabaka mambo yanabadilika. Nyani wako barabarani na wameshajua mifuko ya chakula, usisimame kula. Tembo wanatoka hifadhini usiku kuingia mashambani, viboko nao wanapanda kulisha kandokando ya ziwa. Kipande hiki kiendeshe kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, si alfajiri wala magharibi. Getini baiskeli haiingii. Anayetaka kuona nyumbu wa upande wa magharibi, Mei hadi Julai, apange gari Lamadi mapema.

Msimu wa mvua, ukiona wingu jeusi limesimama ziwani na upepo umepoa ghafla, tafuta paa, si mti. Radi za kanda hii si za mchezo.

Kurudi kwa basi: patana nauli ya baiskeli na konda kabla haijapanda, si baada. Toa gurudumu la mbele, ingiza kipande cha mti kati ya uma ili usibanwe, na hakikisha upande wa mnyororo unatazama juu. Upande huo ukilalia chini, kishikio cha kubadili gia kitapinda kabla hamjafika Nyashimo, na kesho yake mnyororo utaruka kwenye spoku.