Taa Moja ya Kijani Ikikataa Kuwaka

Msomaji mmoja anayejiandaa kuhamia ndege ya magurudumu yanayokunjwa ameniuliza: gurudumu likigoma, nianze na nini? Ndugu yangu, anza kwa kurusha ndege. Hayo mengine yatasubiri.

Mimi lilinikuta kwenye Piper Arrow, ndege ndogo ya injini moja, mchana kweupe, nikiwa peke yangu. Nilishusha magurudumu; kila moja lina taa yake ya kijani, inayowaka likishashuka na kujifunga. Taa mbili zikawaka, ya kushoto ikabaki giza. Nikaongeza nguvu ya injini, nikapanda, nikawaarifu watu wa mnara, nikatoka kwenye mzunguko wa uwanja. Ndege ilipotulia juu ndipo nikafungua kitabu chake.

Kwanza, swichi ya taa za mabawa. Kwenye Arrow, ukiziwasha, zile za kijani hufifia hadi mchana udhani zimekufa. Swichi ilikuwa imezimwa. Nikachomoa balbu ya kulia, ambayo nilijua ni nzima, nikaipachika kushoto. Giza. Nikapita karibu na mnara, wakasema yote matatu yako chini. Nilishukuru, lakini mtu aliye chini huona gurudumu limeshuka. Hawezi kuona kama limejifunga. Nikapunguza mwendo, nikashikilia wenzo wa dharura, ule unaoachia presha ya haidroliki ili magurudumu yaanguke kwa uzito wake, huku nikiyumbisha ndege kwa pedali, kushoto, kulia. Taa ikawaka. Nilitua salama, na ninajivunia kutua kule kuliko kwingine kote.

Wapo marubani wenzangu waliosema nimekuza mambo, kwamba ningetua tu. Maneno yale yananiuma hadi leo. Desemba 29, 1972, ndani ya ndege ya abiria ya shirika la Eastern la Marekani, safari 401, iliungua taa ya gurudumu la mbele. Wakaishughulikia wote, hakuna aliyeona ndege inashuka polepole; ikaanguka kwenye kinamasi cha Everglades, Florida, watu 101 wakafa. Desemba 28, 1978, ndege ya shirika la United, safari 173, ilizunguka karibu na Portland, Marekani, marubani wakihangaikia magurudumu mpaka mafuta yakaisha. Wakafa 10. Mle mlikuwa na wataalamu kadhaa. Wewe utakuwa peke yako, kwa hiyo tazama mafuta, upange mapema saa ya kwenda kutua hata kama taa haijawaka.

Ikibidi kutua kwa tumbo, chagua uwanja mrefu wenye zimamoto, fungua komeo la mlango kabla hujagusa ardhi, na usizime injini angani eti uokoe propela. Bima itahangaika na propela.

Na kabla hujaruka peke yako, mwombe mwalimu mshushe magurudumu kwa njia ya dharura mkiwa hewani. Kila ndege ina yake: Bonanza nyingi za zamani zina mkono wa kuzungusha takriban mara 50, Cessna 210 ina pampu ya mkono. Mwalimu akikwambia hakuna haja, tafuta mwingine.