Asubuhi 5.1, jioni 13.6

SWALI

Shikamoo Nesi. Mwanangu wa kiume ana miaka saba, kilo 20, yuko darasa la pili. Mwezi uliopita, baada ya mafua, alitoka vidoa vyekundu miguuni, nikadhani ni vipele vya joto la hapa kwetu. Siku ya tatu damu ikamtoka puani ikawa haikatiki. Hospitalini wakasema chembe za kugandisha damu zimeshuka hadi 9,000, na kinga yake mwenyewe ndiyo inayoziua. Akaanzishiwa prednisoloni, vidonge vinane vya miligramu 5 kila asubuhi kwa wiki mbili. Leo ni siku ya kumi. Damu imekata, lakini sasa anakunywa maji mfululizo na amekojoa kitandani mara mbili, jambo aliloliacha tangu chekechea.

Nikaazima kipimo cha sukari cha mama yangu, ambaye ana kisukari. Jioni kilisoma 13.6 (milimoli kwa lita). Asubuhi, kabla ya chai, 5.1. Jioni tena 12.9. Mama anasema kipimo kimekufa. Jirani anasema niache vidonge, tena nimpe mtoto nusu ya glibenklamidi, kidonge cha kisukari cha bibi yake. Nimechanganyikiwa, nishike lipi?

Mama wa Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu. Kabla hujasoma mengine, hiyo nusu ya glibenklamidi irudishe kwenye kopo la bibi. Dawa ile hulilazimisha kongosho kumwaga insulini, homoni inayoshusha sukari, iwe sukari iko juu au imeshashuka. Mtoto wako anaamka na 5.1, ambayo ni ya kawaida. Ukimpa jioni, saa tisa usiku wewe umelala na sukari yake inateremka tu, na mtoto anaweza kupata degedege au kuzimia kitandani bila mtu kujua. Jirani ana nia njema, ila hapo amekosea vibaya.

Kipimo cha mama hakijafa. Namba zako zimekaa kama zinavyokaa za mtoto anayemeza prednisoloni asubuhi. Dawa hiyo ni ndugu wa homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Inaituliza kinga isiendelee kuzila chembe sahani, yaani hizo za kugandisha damu (za mtu mzima wa afya huwa 150,000 hadi 450,000, kwa hiyo 9,000 ilikuwa hatari kweli). Lakini dawa hiyohiyo hulisukuma ini litoe sukari zaidi, na huifanya misuli iwe mikaidi kwa insulini. Akimeza saa moja asubuhi, nguvu yake kwenye sukari huonekana kuanzia mchana hadi jioni, kisha hufifia usiku. Ndiyo maana mzazi anayempima mtoto kabla ya chai tu huambiwa yuko salama. Nilipokuwa wodi ya watoto nilikuwa nagombana na wenzangu kwa jambo hili: mnampima asubuhi, kwa nini hamumpimi saa kumi?

Swali dogo: kabla ya kumtoboa, aliosha mikono? Mtoto aliyetoka kumenya embe huweza kukupa 13 ya embe, si ya damu. Mwoshe kwa maji na sabuni, akauke, ndipo umpime. Mtoboe pembeni mwa ncha ya kidole, kisha bana kwa pamba mpaka damu ikauke kabisa, maana chembe zake bado zinaweza kuwa chache. Kifaa cha kutobolea cha bibi usikitumie kwa mtoto hata ukibadilisha sindano. Magonjwa ya kuambukizana kwa damu huhamia hapo.

Namba ya jioni ikifika 11.1 au zaidi, na mtoto ana kiu na mkojo mwingi, hilo si la kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke kesho hospitali iliyomwanzishia dawa, na daftari lenye namba, saa ulizopima na alichokula. Mweleze daktari kwamba bibi ana kisukari, kwa kuwa ukoo huongeza uwezekano. Pia muulize bila woga kama zile wiki mbili bado zina haja. Mwongozo wa madaktari wa damu wa Marekani wa mwaka 2019 unashauri watoto wenye tatizo hili wasipewe dawa hizi zaidi ya siku 7. Huenda akapima chembe upya, akapunguza vidonge au akabadilisha dawa. Kwa watoto wengi sukari hurudi mahali pake dawa ikishaisha.

Lakini kuacha mwenyewe leo, hapana. Chembe zinaweza kushuka tena na damu ikarudi. Na mtoto aliyemeza kwa wiki kadhaa, zile tezi zake za juu ya figo zinakuwa zimesinzia. Ukimkatia ghafla anaweza kulegea na kutapika, presha ikashuka.

Usisubiri kesho akianza kutapika, kuhema haraka na kwa kina, au kusinzia ovyo; sukari hapo imevuka mipaka. Hali kadhalika kichwa kikimuuma sana, choo kikiwa cheusi au chenye damu, au pua ikatoka damu dakika 20 umeibana. Akiumwa mpe paracetamoli. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zikae mbali naye. Mtoto wa jirani akitoka tetekuwanga au surua, mjulishe daktari siku hiyohiyo, maana kinga ya mwanao imetulizwa na dawa.

Chakula: soda, juisi ya miwa na ile ya ukwaju yenye sukari kikombe kizima, viache kwanza. Uji wa ulezi anywe bila sukari. Atanung'unika siku mbili. Usimnyime kula, maana dawa yenyewe inamtia njaa na ukimbania ataiba maandazi. Ugali usiwe mlima, mboga ziwe nyingi, dagaa, maharage, yai. Vidonge ameze baada ya kula, asubuhi, si jioni.

Kuhusu kitanda: maji usimnyime hata usiku, ndiyo anayoyapoteza kwenye mkojo. Tandika mpira chini ya shuka, umwamshe mara moja kabla hujalala, na kaka zake waambie atakayemcheka ndiye atafua.