Anzieni sehemu ya pili

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni albamu gani ya muziki mtupu, usioimbwa, ambayo msomaji angetamani wengine waisikie. Yangu ni ile ya Simfonia Na. 1 na Na. 3 (simfonia ni utunzi mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa) za mtunzi Mmarekani Florence Price, iliyopigwa na Okestra ya Philadelphia ikiongozwa na Yannick Nézet-Séguin. Ilitoka 2021 na mwaka uliofuata ikashinda Grammy.

Price alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887. Juni 1933 okestra ya Chicago iliipiga simfonia yake ya kwanza, naye akawa mwanamke Mweusi wa kwanza ambaye simfonia yake ilipigwa na okestra kubwa ya Marekani. Hata hivyo, miaka kumi baadaye alikuwa bado anamwandikia kiongozi wa okestra Serge Koussevitzky kumwomba azitazame tungo zake, akieleza bila kuficha kwamba ana vikwazo viwili: jinsia yake na rangi yake. Alifariki 1953. Miswada yake mingi ya muziki ilikutwa 2009 ndani ya nyumba iliyotelekezwa kijijini St. Anne, Illinois. Inaniuma kila nikifikiria kwamba mvua na panya wangeweza kuwahi kabla ya watu.

Msianze mwanzo. Anzieni sehemu ya pili ya Na. 1. Tarumbeta, honi na tromboni zinapiga wimbo wa ibada, taratibu, kwa sauti zilizoshikamana, na chini yake ngoma inajibu. Aliyekulia usharika wenye bendi ya tarumbeta atajiona yuko nyumbani.

Halafu inakuja sehemu ya tatu. Pale ambapo watunzi wa Ulaya walizoea kuweka minueti, dansi ya kifahari, au skerzo, kipande chepesi cha haraka, Price ameweka juba, dansi ya watumwa wa mashambani Marekani, waliotumia makofi, mapaja na vishindo vya miguu kwa sababu mabwana zao waliwakataza ngoma. Hakuiweka kama pambo. Ameipa nafasi kamili ndani ya simfonia, na fidla zote za Philadelphia zinaucheza mdundo huo kwa heshima na kwa furaha.

Sehemu ya mwisho ya Na. 1 hainigusi sana, inakimbia tu. Na. 3, iliyopigwa mara ya kwanza Detroit mwaka 1940, naiona imekomaa zaidi: ina giza, ina mashaka, na juba yake imechangamka kwa zilofoni, ala ya vibao vinavyogongwa.

Sikilizeni kwa spika nzuri au hedifoni. Ngoma ya ile sehemu ya pili ni ya chini mno, na spika ya simu huimeza yote.